Nafasi ya Baba

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa Kifaranga ameng'oka jino la mbele, na sasa mdogo wangu huyo akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Natumaini huko uliko mgongo haukusumbui na unakula vizuri.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa simu ya Mama kwa sababu unaijua nyumba yetu. Nikisema tu "Haloo Baba," Mama amesikia, Kifaranga amesikia, na jirani yetu Redio amesikia upande wa pili wa ukuta wa mbao. Jana Mama aliniuliza chumvi iko wapi. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka ukutani: "Si uliiweka dirishani asubuhi!" Mama akasema, "Asante, jirani." Ukuta ukajibu, "Usijali." Kwa hiyo neno langu nimempa dereva wa lori la vigae. Ameahidi kukufikishia mkononi kila anapoleta mzigo huko.

Neno lenyewe ni hili. Siku ya kuondoka ulikaa ukingoni mwa kitanda, begi la kazi magotini, ukatazama huku na huku, ukasema, "Chumba hiki kimetushinda, Rula. Tunabanana mno." Ukasema unakwenda kwenye kazi ya hoteli, halafu utaona. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza. Chumba hatuwezi kukikuza, lakini vitu vilivyomo tunaweza kuvipanga. Wewe ndiye uliyenifundisha kupima kabla ya kukata, na wewe ndiye uliyenipa jina la Rula kwa sababu nilikuwa napima hata mkate. Basi nimepima chumba chote kwa kile kigae ulichoacha.

Nimegundua kwamba udogo si tatizo letu. Tatizo letu ni mpangilio. Kitanda chenu kimebanwa na ukuta wa Redio, halafu pazia, halafu godoro letu ambalo mchana tunalisimamisha na Kifaranga analigonga akijifanya mgeni. Cherehani ya Mama iko mlangoni ili apate mwanga, kwa hiyo mtu hawezi kutoka mpaka Mama asimame, na Mama akiwa anashona kola hasimami hata nyumba iungue. Kabati nalo liko nyuma ya kitanda na mlango wake haufunguki zaidi ya kiganja. Nguo tunazitoa kwa kuvuta mikono yake.

Jumamosi niliazima matofali manne kwa mwenye nyumba, nikainua kitanda. Redio alikuja kushika upande mmoja. Sikumwita. Alisema mpango wote alishausikia na aliona aje kabla sijajiumiza. Sasa godoro letu linaingia lote chini ya kitanda, pamoja na sanduku. Baba, ukisimama mlangoni unaona sakafu! Kifaranga alicheza juu yake mpaka akalala hapo hapo.

Ukirudi utapata mahali pa kunyoosha miguu. Niambie tu utakuja lini.

Mwanao,
Rula


2 Machi

Rula mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea juu ya maboksi ya vigae, na mafundi wenzangu wakaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikawaambia kwetu ukuta unajua chumvi ilipo. Hawakuamini.

Hoteli hii ina ghorofa sita na mimi niko kwenye vyumba vya kuogea. Kila chumba cha kulala kina cha kwake cha kuogea, na hicho cha kuogea ni kikubwa kuliko chumba chetu. Kikubwa hivyo ili mtu mmoja aoge. Juzi nilisimama katikati nikanyoosha mikono yote miwili, na sikugusa kitu. Fundi mwenzangu akaniuliza kama nafanya mazoezi au nataka kuruka.

Kwa kitanda umefanya kazi nzuri, lakini usijisumbue na mizigo mizito. Mwaka huu una mtihani. Habari za kurudi kwangu tuziache kwanza, kazi za hoteli hazina mwisho unaojulikana. Msaidie Mama yako na usimwulize mambo mengi. Anachoka.

Mwambie Kifaranga jino jipya linakuja. La zamani lilikuwa linampisha.

Baba yako


17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umesema tuziache habari za kurudi kwako, nami nitaziacha, lakini kazi ya kupanga sijaiacha. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu aliyeanza sentensi hana budi kuifikisha mwisho.

Kabati limetoka. Shangazi amelichukua kwa mkokoteni, na nguo zetu zote sasa ziko kwenye misumari na kwenye sanduku. Sufuria nimezitundika juu ya meza kwa kamba, kwa hiyo ukipita inama kidogo. Kifaranga hainami, zinapita juu yake, na anatucheka sote.

Mama hanisaidii sana, lakini nadhani naye ameanza kuelewa. Wiki iliyopita nilimkuta ametoa koti lako na ovaroli yako ya kazi kwenye msumari wako. Amezikunja vizuri, amezitia kwenye mfuko na kuusukuma chini kabisa ya kitanda. Msumari ule sasa una sare za shule anazoshona. Nikamwambia, "Mama, hapo umepata akili!" Akakaa kitandani, akafuta macho, akasema nimetimua vumbi kwa kuhamisha vitu kila siku. Ni kweli vumbi lilikuwepo.

Kuna mpango mwingine, mkubwa zaidi. Nimezungumza na Redio. Anasema mimi na Kifaranga tunaweza kuwa tunalala kwake, yeye yuko peke yake na mikeka yake. Najua watu wazima wanahitaji chumba. Mimi si mtoto. Tukilala kwa Redio, ninyi mtabaki na chumba kizima, na hamtalazimika kunong'ona nyuma ya pazia.

Unakumbuka jinsi mlivyokuwa mnakwenda bombani? Kila jioni, ndoo moja, watu wawili. Redio alikuwa akisema, "Tazameni wapenzi hao, mmoja anabeba maji, mwingine anabeba maneno." Mlikuwa mnachelewa mpaka wali wa Kifaranga unapoa, halafu mnarudi na ndoo nusu, hata hamjui mmemwaga wapi. Mimi na Kifaranga tulikuwa tunacheka. Darasani kuna wasichana ambao wazazi wao hawatoki pamoja hata mara moja kwa mwaka. Niliwaambia wangu hawawezi kuchota maji bila kusindikizana.

Sasa Mama anakwenda peke yake na anarudi upesi, ndoo imejaa pomoni. Nadhani hapendi kwenda peke yake.

Mwanao,
Rula


24 Machi

Baba Rula,

Salamu. Namtumia dereva huyu huyu ili usiseme hukupata.

Mtoto ametoa kabati. Ameinua kitanda. Sasa anataka kumchukua mdogo wake wakalale kwa jirani, ili mimi na wewe tupate nafasi. Ananieleza haya akiwa amesimama mbele yangu na kigae mkononi, anapima, na uso wake unang'aa. Mimi nimekaa kwenye cherehani, naendelea kukanyaga tu.

Tulikubaliana nini mbele ya wazee? Kila mtu ashike njia yake, na wewe uwaambie watoto. Ulisema mwenyewe, "Rula nitamwambia mimi, ananisikiliza." Nikakubali. Ulisema ukifika huko utaandika. Ameniambia umemwandikia habari za vyumba vya kuogea.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie mimi. Nimwambie wapi? Humu tuna kitanda kimoja na pazia moja. Nikimwambia, mtoto hana pa kwenda kulia. Akilia Kifaranga anamwona. Akitoka nje kila mtu uani atamuuliza. Mimi mwenyewe tangu uondoke sijapata mahali. Mtu akisoma habari yake kwenye barua anaweza kwenda nayo mbali.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira ziliisha zamani, unajua zilipoishia. Mwambie tu.

Mama Rula


6 Aprili

Rula mwanangu,

Leo nataka kukueleza jambo la kazi yangu ambalo sikuwahi kukufundisha. Lisome polepole.

Mtu asiyejua, akiona fundi anaacha upenyo kati ya kigae na kigae, hufikiri ni uvivu. Anasema, "Si uvibananishe tu, vishikane!" Lakini vigae vilivyobanana havidumu. Joto likiingia vinavimba, vinasukumana chini kwa chini, na mtu wa juu haoni kitu. Kisha siku moja vinainuka na kupasuka. Si kwamba kimoja kilikuwa kibaya. Vyote vilikuwa vigae vizima. Vilikuwa vimekaribiana kuliko vinavyoweza kustahimili. Fundi mwenye busara huacha upenyo mapema, kabla hakijavunjika kitu, na kila kigae kinabaki kizima mahali pake.

Kuna wakati hata nyumbani mambo huwa hivyo, Rula. Wewe ni msichana mwenye akili. Nadhani utanielewa bila mimi kuendelea.

Baba yako


20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekuelewa, tena papo hapo. Nilisoma barua yako mara moja tu nikasema, kumbe kosa langu lilikuwa hilo!

Nilikuwa nabananisha. Kila nilichokihamisha nilikisukuma mpaka kikagusa kingine, nikidhani ndiyo kuokoa nafasi. Sasa nimeacha upenyo kila mahali kama ulivyosema. Kitanda nimekivuta kikaachana na ukuta wa Redio (anasema sasa hatusikii vizuri). Meza imeachana na kitanda. Hewa inapita. Ni kweli kabisa, chumba kinapumua.

Lakini ili kupata upenyo huo kitu kimoja kililazimika kutoka, na hicho ni cherehani. Nimeiweka nje, barazani kwa Redio, chini ya upenu. Mama alikuwa ameenda kununua uzi. Aliporudi alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi, mtu anaingia na kutoka bila kumwomba mwingine asimame! Nilidhani atafurahi. Akasema, "Kazi yangu nitafanyia nje?" Nikamwambia nje kuna mwanga kuliko ndani, na tena ni kwa muda tu, mpaka Baba arudi aone namna nyingine. Akaingia ndani na uzi wake.

Mimi na Kifaranga tumehamia kwa Redio. Redio akilala anaongea vilevile. Kifaranga anamlilia Mama, lakini nimemwambia avumilie, tunamtengenezea Baba nafasi. Anauliza, "Baba mnene kiasi gani?"

Shule zinafungwa kesho. Kila lori linalopita tunatoka kuangalia. Chumba kiko tayari, Baba. Sasa hakuna kinachokuzuia.

Mwanao,
Rula


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama ameniambia nikuandikie. Amesema, "Mwandikie baba yako ulichofanya, na umwandikie ulifanya kwa nini."

Mvua ilinyesha Alhamisi. Si ile ya kawaida, ilikuwa na upepo wa kutoka pembeni, na upenu wa Redio haukufaa kitu. Sote tulikuwa tumekwenda kwa Shangazi kumwona mtoto wake mgonjwa. Tuliporudi, cherehani ilikuwa imeloa mpaka ndani, mkanda umevimba, na sare zote alizokuwa amemaliza kushona hapo barazani zilikuwa kwenye tope la uani, Kifaranga akaanza kuziokota moja moja na kuzihesabu.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Hata hakunifokea. Aliinua cherehani akaiingiza ndani, akaiweka katikati ya ile sakafu niliyoipata kwa jasho, akakaa chini na kitambaa na mafuta, akaanza kuipangusa kila kijichuma. Nilimwambia, "Mama nisamehe, nilitaka Baba apate mahali." Akaendelea kupangusa. Kisha ndipo akasema niandike.

Nimeandika nilichofanya. Kwa nini, unajua. Uliposema chumba kimetushinda nilikusikia vizuri.

Nisamehe na wewe.

Rula


4 Mei

Rula mwanangu,

Huna kosa la kusamehewa. Soma barua hii ukiwa mbali na watu, kisha uisome tena.

Mimi na Mama yako tumeachana. Tuliachana kabla sijaondoka, mbele ya wazee wa pande zote mbili, ile Jumapili mlipopelekwa kwa Shangazi mkaambiwa tunapuliza dawa ya kunguni. Hakukuwa na kunguni. Sitarudi kuishi hapo. Hoteli ikiisha nitabaki katika mji huu, nimekwishapata chumba.

Ile barua ya vigae ilikuwa ya kukuambia hivi. Nilishindwa kuandika maneno yenyewe nikakimbilia kazi yangu, nawe ukaifanyia kazi kama nilivyokulea. Mama yako amepoteza sare na cherehani yake imeloa kwa sababu mimi niliogopa sentensi moja.

Sikuondoka kwa ajili ya chumba. Hata tungekuwa na nyumba ya vyumba kumi ningeondoka, labda ningechelewa kidogo tu, kwa kuwa tungekuwa na pa kujifichia. Nilikilaumu chumba kwa sababu chumba hakiwezi kujitetea.

Na kuhusu bombani. Nimefikiria kama nikuachie hilo. Lakini umeliandika kwa furaha na mimi siwezi kukuacha na kitu ambacho si kweli. Tulikuwa tunakwenda kugombana. Nyumbani hapakuwa na mlango wa kufunga, mkiwa nyuma ya pazia na Redio nyuma ya mbao, tukaapa kwamba watoto hawatasikia hata neno. Basi neno likitukaba tunachukua ndoo. Tuligombania pale mpaka tukachoka, na siku zile za mwisho tulikuwa tunasimama tu maji yakimwagika, hakuna aliyekuwa na la kusema. Hapo ndipo tulipojua. Mama yako si mbaya. Mimi nadhani si mbaya. Tulikuwa tumebaki kama wapangaji wawili.

Msiende tena kulala kwa jirani. Rudini mlale na Mama yenu.

Baba yako


1 Juni

Rula,

Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Mara ya pili nilimwambia atafute vizuri chini ya kiti, akanitazama kwa huruma. Amesema amekuona njiani na sare, unatembea, hukugeuka alipopiga honi.

Sikulazimishi. Niambie tu kama barua ilifika.

Baba yako


15 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua ilifika.

Sikujibu kwa sababu sikutaka. Mwalimu anasema barua isiyojibiwa ni kama mtu aliyenyooshewa mkono akautazama tu. Nilitaka uwe hivyo kwa muda.

Niliisomea nyuma ya maktaba ya shule, nikaenda darasani nikakaa. Katikati ya hisabati nikaanza kulia. Mwalimu akaniuliza ni swali gani limenishinda. Nikasema la nne. Akanifanyia la nne ubaoni, hatua kwa hatua, kwa upole sana, na mimi nikawa nalia na kunakili.

Nyumbani nilinyamaza siku nyingi. Mama alijua nimejua, na mimi nilijua amejua, tukawa tunapishana kwenye ile sakafu bila kugusana, kwa heshima, kama wageni. Nafasi ilikuwepo ya kutosha. Baba, hapo ndipo nilipokichukia chumba kile kwa mara ya kwanza. Kilipokuwa kimebanana sikuwahi kukichukia.

Kisha jioni moja nikachukua ndoo nikatoka. Mama akasimamisha cherehani (ilitengenezwa, inapiga kelele kidogo lakini inashona), akanifuata mpaka bombani. Akasema, "Haya, sema. Hapa hakuna wa kusikia." Nikasema. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia ameniacha nimpe Shangazi kabati bure, nijitie ujinga mbele ya watu wote wa uani. Naye akasema, "Na mimi ningekuambia vipi, nilikuwa nakutazama ulivyofurahi!" Akapaza sauti. Sijawahi kumsikia Mama akipaza sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yetu na madumu yake akasema, "Chukueni muda wenu, mimi nina subira." Mama akaanza kucheka huku analia, na mimi pia.

Tumerudi kulala ndani, sote watatu kitandani. Kifaranga amelala katikati na anapiga mateke. Yeye tumemwambia kwamba Baba ana nyumba nyingine. Akauliza kama hiyo nayo ina Redio.

Nina swali moja. Nakuomba unijibu kwa maneno ya kawaida tu, habari za vigae usizilete. Je, unatukumbuka sisi sote watatu, au mimi na Kifaranga peke yetu?

Rula


29 Juni

Rula mwanangu,

Ninyi wawili. Nawakumbuka asubuhi nikifunga viatu na jioni nikivifungua.

Mama yako namheshimu, na akiugua nitakuja. Lakini ulivyouliza, na ulivyotaka nijibu, ni ninyi wawili. Naandika hivi nikijua utakavyoumia, na ninajua sasa kwamba ungeumia zaidi nisingeandika.

Chumba changu ni kidogo kuliko hicho. Kina dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Mlango wake unafunga kwa ndani na ufunguo utakuwa kwako. Kitanda mtalala ninyi, mimi nitatandika chini. Njooni likizo ya Agosti kama Mama yako ataruhusu. Kama hutaki, sitauliza sababu.

Baba yako


13 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jibu lako nimelipata. Nililisoma mara moja na sikuhitaji kurudia, kwa kuwa lilikuwa wazi. Nililia uani, mbele ya watu. Waliponiuliza nina nini, niliwaambia wazazi wangu wameachana. Nilidhani dunia itasimama. Mke wa mwenye nyumba akasema pole, akanipa stuli nikae.

Nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba utasema wote watatu. Nakueleza tu ili ujue, si ili ubadilishe.

Tutakuja. Mama ameruhusu, tena ametushonea magauni mapya, langu ana hakika litanibana kwenye mabega na mimi nina hakika halitanibana. Atatusindikiza mpaka kituo cha mabasi. Tutafika tarehe nne Agosti, mchana. Tafadhali wahi, kwa sababu Kifaranga akishuka kwenye gari na asione mtu anayemjua anakaa chini papo hapo na hanyanyuki. Naleta vitabu vyangu. Mtihani ni Novemba na nimepanga kufaulu. Usiogope kunyamaza tukiwa hapo. Mimi sasa najua kukaa na watu walionyamaza.

Jana nilimwambia Mama kwamba kwa wiki mbili nzima atakuwa na chumba peke yake, kitu ambacho hajapata kuwa nacho tangu azaliwe. Nilimuuliza atafanya nini. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akafikiri mpaka uzi ukatoka, akautunga tena. Akasema hajui. Akasema labda atalala katikati ya kitanda, aone inavyokuwa.

Mwanao,
Rula